Afisa Aliyekuwa Likizo

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimewaishia, hamjambo.

Nimepewa shuka jeupe, projekta ya kuazima na dakika 40. Ninalo ombi moja kabla hatujaanza: msiuamini ukubwa wa hicho mnachokiona hapo ukutani. Projekta ni muongo. Hapo huyu bwana anakaribia urefu wa mlango. Picha yenyewe, ile iliyopo London katika National Portrait Gallery, ina kimo cha sentimita 49.5 na upana wa sentimita 59.7. Sinia hilo. Sinia la pilau la watu wanne, tena wasiwe walaji sana. Mara ya kwanza nilipokwenda kuitafuta niliipita kabisa, nikafika chumba cha mbele, ikabidi nirudi. Nilikuwa natafuta picha kubwa kwa sababu nilijua nakwenda kumwona mtu mkubwa.

Mchana wa leo, nilipokuwa najaribu mitambo, kijana mmoja wa hapa alisimama mlangoni, akatazama, akaniuliza: "Mwalimu, askari gani huyu amejilaza tu? Kazi anafanya saa ngapi?" Sitamtaja, ila namwona amekaa pale karibu na dirisha anacheka. Mwanangu, umenifupishia kazi. Nimekuja kulijibu swali lako.

Aliyejilaza anaitwa Frederick Gustavus Burnaby, Kapteni wa Royal Horse Guards, kikosi cha wapanda farasi walinzi wa malkia wa Uingereza. Aliyemchora ni Mfaransa, James Tissot. Mwaka ni 1870. Rangi ni ya mafuta, imepakwa juu ya ubao, si juu ya turubai.

Sasa tutazame. Msikimbilie uso. Wanafunzi wangu wote hukimbilia uso, na uso ndio mahali ambapo mchoraji hodari anakudanganya vizuri zaidi. Anzeni na mguu. Mnauona huo mguu? Unakatiza picha karibu nusu yake, umenyooshwa, suruali nyeusi inayobana, na ubavuni mwa suruali kuna utepe mwekundu unaoteremka kutoka nyongani mpaka kwenye kiatu. Ufuateni huo utepe kwa jicho. Hauna haraka. Tissot kauvuta kama fundi cherehani anayevuta futi ya kupimia kitambaa, na hapo ndipo alipoupatia urefu wa huyu mtu bila kumsimamisha. Burnaby alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 4. Mchoraji mwingine angemsimamisha kando ya nguzo, ampe farasi, ampe moshi wa mizinga nyuma yake. Tissot kamkunja kwenye kochi, akaacha mguu uwe shahidi.

Kochi lenyewe limefunikwa kitambaa cha maua, rangi nyepesi, kitambaa cha sebuleni kwa shangazi. Mkononi sigara. Sharubu zimesokotwa kwa nta mpaka ncha zimechongoka. Kichwa kageuza kidogo, kama mtu anayesikiliza hadithi ya mwenzake tusiyemwona. Na vifaa vya vita viko wapi? Viko pembeni. Ile kofia ya chuma yenye shungi jekundu imewekwa kando, na deraya, lile bamba la kifuani, linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Hakuna aliyelivaa. Limepumzika kama mwenyewe. Nyuma yake ukutani, ramani kubwa ya dunia.

Watu husema Tissot alikuwa mchoraji wa nguo kuliko wa watu. Wanasema kwa dharau. Mimi sioni aibu yake. Alizaliwa Nantes mwaka 1836, baba yake mfanyabiashara wa vitambaa, mama yake akishughulika na kofia za kike. Mtoto wa duka la vitambaa anajua kwamba pamba haipokei mwanga kama inavyoupokea sufu, na sufu si chuma. Hebu tazameni hapo: pamba ya kochi, sufu ya sare, chuma cha deraya, na ngozi ya binadamu, vyote ndani ya sinia moja, na hakuna kinachofanana na kingine. Ninyi mnaochukua somo la sanaa, jaribuni kuchora kitambaa cheusi juu ya kitambaa cha maua bila kitambaa cheusi kugeuka shimo. Mkifaulu nitafuteni, nitawanunulia soda.

Picha hii haikuagizwa na jeshi. Aliyeiagiza ni rafiki yao wote wawili, Thomas Gibson Bowles, mwanzilishi wa jarida la Vanity Fair lililoanza London mwaka 1868, na Burnaby mwenyewe alitia fedha katika kulianzisha. Tissot alikuwa akilichorea jarida hilo vibonzo vya wakubwa. Kwa hiyo tuna marafiki watatu: mmoja ana jarida, mmoja ana brashi, mmoja ana miguu mirefu. Picha ya kirafiki, ya kutaniana. Ndiyo maana haina salamu ya kijeshi.

Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria hunichekesha kidogo, halafu linaacha kunichekesha. Mwaka 1870, kati ya hao wawili, mchoraji na mwanajeshi, aliyeingia vitani ni mchoraji. Ufaransa ilipigana na Prussia, dola la Wajerumani, mwaka huo huo, Paris ikazingirwa, na Tissot akashika bunduki kuulinda mji. Burnaby alikuwa amemaliza miaka 11 jeshini, aliingia 1859 akiwa na miaka 17, na hakuwa amepigana vita hata kimoja. Si kosa lake. Kikosi chake hakikupelekwa vitani tangu Waterloo, 1815. Kazi yake ilikuwa gwaride, kusindikiza malkia na kung'arisha chuma. Ile deraya mnayoiona hapo ni ya gwaride.

Tena zama hizo uafisa wa kikosi kama hicho ulinunuliwa. Kwa fedha taslimu. Baba alipeleka fedha, kijana akapewa cheo. Akitaka kupanda, anaongeza fedha. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1871, mwaka mmoja baada ya picha hii. Na afisa wa walinzi wa malkia alikuwa na likizo ndefu ya majira ya baridi, miezi kadhaa kila mwaka, huku mshahara unaendelea. Naona walimu wanatazamana. Najua mnachowaza.

Basi jibu la kijana wetu ni hili: kazi alikuwa anafanya likizo. Sisemi mzaha. Ukichukua orodha ya mambo yaliyompa Burnaby jina, ukayaweka mezani moja moja, utakuta karibu yote aliyafanya akiwa likizo, au akiwa ametoroka, au akiwa amedanganya anakokwenda. Tissot hakumchora askari aliyeacha kazi apumzike. Alimchora mahali pake pa kazi.

Mwanzoni mwa 1875 alikuwa Sudan, likizo, akiandikia gazeti la The Times habari za Charles Gordon aliyekuwa akitawala kule kusini kwa niaba ya Misri. Huko huko, gazeti kuukuu likamwangukia mikononi, akasoma kwamba serikali ya Urusi imepiga marufuku wageni kuingia Asia ya Kati. Mtu wa kawaida angefungua ukurasa wa pili. Yeye akaamua likizo ijayo aende huko huko alikokatazwa.

Aliondoka London mwisho wa Novemba 1875. Alikuwa anaelekea Khiva, mji uliotekwa na Warusi miaka miwili nyuma, leo uko Uzbekistan. Reli ilimfikisha inapoishia, baada ya hapo ni sledi, gari la kuteleza juu ya theluji, kisha farasi na ngamia. Baridi ya huko siwezi kuwaeleza watu wa pwani mkanielewa. Nitawaeleza mikono tu. Siku moja alisinzia ndani ya sledi na mikono ikachomoka nje ya mikono ya koti. Alipoamka haikuwa na hisia, imebadilika rangi. Wakosaki (Cossacks), askari wapanda farasi wa Urusi aliowakuta njiani, waliizamisha kwenye maji yenye barafu na kuisugua kwa mafuta makali mpaka maumivu yakarudi, na maumivu yaliporudi wakafurahi, maana mikono imepona. Hao ni askari wa serikali ile ile iliyomkataza kuja. Yeye mwenyewe aliwasifu katika kitabu chake, ingawa kitabu kizima kiliandikwa kuwatahadharisha Waingereza kuhusu Urusi. Mimi huwa namwamini zaidi msafiri pale anapowasifu watu aliokuja kuwasema vibaya.

Khiva alifika, Januari 1876, khani, mtawala wa huko, akampokea. Mara kukaja ujumbe: kuna telegramu inamngoja kwenye ngome ya Warusi, kutoka kwa Duke of Cambridge, amiri mkuu wa jeshi la Uingereza, binamu wa malkia. Rudi mara moja. Hebu fikirieni likizo ya namna hiyo, umevuka jangwa la theluji na mwajiri anakufikia.

Kitabu kilitoka mwaka huo huo, kikauzwa sana, akawa mtu maarufu. Majira ya baridi yaliyofuata akaenda Uturuki kwa farasi, akaandika kingine. Mwaka 1880 aligombea ubunge Birmingham, akashindwa. Machi 1882 alipanda puto Dover peke yake, akavuka bahari, akashuka Normandy. Ruhusa ya kutoka nchini hakuomba, akakaripiwa. Haya nayapitia haraka kwa kuwa muda unakwenda, lakini nisipomtaja mkewe nitakuwa mwizi. Elizabeth Hawkins-Whitshed alimwoa mwaka 1879 (naam, najua Kiswahili kinataka niseme aliolewa, subirini). Huyu mama alikuja kuwa mmoja wa wapanda milima mashuhuri wa Ulaya, akapanda Alps wakati wa baridi, akapiga picha huko juu, na mwaka 1907 akawa rais wa kwanza wa chama cha wanawake wapanda milima. Kumbe nyumba ile mtu wa kukaa kwenye kochi hakuwepo hata mmoja.

Sasa Sudan. Hapa naomba mtulie.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, akaanza kuung'oa utawala wa Misri. Waingereza, waliokuwa wameikalia Misri tangu 1882, wakajikuta ndani. Mwishoni mwa Februari 1884 yalipiganwa mapigano ya El Teb, karibu na pwani ya Bahari ya Shamu. Burnaby alikuwepo. Nani alimtuma? Hakuna. Likizo. Alipigana kwa bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ile ya kuwindia kanga na kwale, akajeruhiwa, na habari zilipofika London wabunge walipiga kelele: kumbe watu wanapigwa kama ndege? Swali la haki kabisa. Wengine walimshangilia. Hapa ndipo mimi na picha yangu tunapoanza kugombana, maana yule mcheshi wa kwenye kochi na huyu wa El Teb ni mtu mmoja, na sigara ile ile.

Baadaye mwaka huo Gordon alikuwa amezingirwa Khartoum na jeshi la kumwokoa likatumwa. Burnaby hakutakiwa aende. Akaomba likizo ya kwenda Afrika Kusini. Sikilizeni vizuri, Afrika Kusini. Kisha akaibukia kwenye mto Nile. Kamanda wa msafara, Wolseley, aliyemfahamu, badala ya kumrudisha akampa kazi.

Tarehe 17 Januari 1885, kwenye visima vya Abu Tulayh, ambavyo Waingereza waliviandika Abu Klea, askari wao wapatao 1,400, waliokuja kwa ngamia, walijipanga mraba: safu nne za watu zinazotazama nje, katikati ngamia, majeruhi na maji. Mraba unadumu almradi hauna tundu. Walikuwa na bunduki moja ya mitutu mingi inayozungushwa kwa mkono, aina ya Gardner. Mabaharia wakaisogeza nje kidogo ya safu ili ipate nafasi. Burnaby akawaamuru baadhi ya askari wa kona ya nyuma wazunguke ili kuiachia nafasi hiyo. Bunduki ikapiga raundi kama 70, ikakwama. Kuna shairi la Kiingereza lililokaririshwa sana shuleni linalosema iliyokwama ni Gatling, mshairi hakuwepo. Tundu likabaki wazi, na watu wa Mahdi waliokuwa wamejificha kwenye korongo wakaliona kabla ya wenyewe.

Burnaby akatoka nje ya mraba juu ya farasi, upanga mkononi, kuwafunika waliokuwa wanarudi mbio. Mkuki ukampata kooni. Wapo wanaosema ni yeye aliyefungua tundu, wapo wanaosema ni yeye aliyekufa akiliziba. Nadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja ndani ya dakika tano.

Lakini wakati ule ule, kwa upande wa pili, mtu mwingine alikuwa anaingia juu ya farasi. Charles Wilson, afisa wa upelelezi wa msafara, alimwona na akaandika alichokiona. Ni mzee, amiri Musa wa kabila la Wadughaim kutoka Kordofan. Mkono mmoja bendera, mkono mmoja kitabu cha dua. Tangu mbali alikuwa anasoma, hakuyumba kulia wala kushoto, akaingia mpaka katikati ya mraba, nyuma ya ngamia, akachomeka bendera yake ardhini. Wakampiga risasi hapo hapo akaanguka juu ya bendera. Wilson, adui yake, aliandika kwamba hajawahi kuona jambo zuri kuliko hilo. Basi wapanda farasi wawili walipishana: mmoja anatoka, mmoja anaingia. Wa kwanza tunayo picha yake kwenye sinia. Wa pili tunayo sentensi chache za mtu aliyesimama upande wa waliomuua, na mimi nimezisoma mara nyingi nikiwa na penseli mkononi, nikajaribu kumchora. Sijafanikiwa. Kila mara mkono unamchora mtu wa kwenye sinema.

Yote hayo hayakuchukua zaidi ya robo saa. Waingereza walikufa 74. Wa upande wa Mahdi walibaki kwenye mchanga wapatao 1,100. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari, Gordon akauawa, na meli za Wilson zikaukaribia mji tarehe 28. Siku mbili.

Mtu ataniuliza, haya yanatuhusu nini sisi. Swali hilo huulizwa kila nionyeshapo picha ya mzungu, na kwa kawaida namwachia muulizaji. Leo ninalo jibu. Khartoum ilipoanguka, gavana wa Misri kule Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan, Emin Pasha, alikatiwa njia ya kaskazini. Uingereza ikaandaa msafara mwingine wa kuokoa, chini ya Stanley, na Stanley alikuja kutafuta watu wapi? Unguja. Februari 1887 alipakia melini wapagazi zaidi ya 600, pamoja na Tippu Tip na watu wake, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa mto Kongo, kisha msituni. Wengi wao hawakurudi. Waliorudi walitokea Bagamoyo Desemba 1889 na Emin mwenyewe, ambaye usiku wa karamu ya kumpokea alidondoka dirishani akapasuka kichwa, alipona. Wale wapagazi majina yao yapo kwenye madaftari ya mishahara. Picha hawana, hata ya sinia.

Turudi kwenye shuka letu. Birmingham, mji uliomnyima kura, walimjengea Burnaby mnara wa jiwe kwenye uwanja wa kanisa. Juu yake utasoma majina mawili ya mbali: Khiva, na Abu Klea. Mkumbuke nilivyosema kuhusu orodha mezani. Jiwe la watu wa Birmingham limechongwa likizo mbili.

Na picha hii ilinunuliwa na jumba la London mwaka 1933, miaka 48 baada ya kifo chake. Wakati Tissot anaichora Burnaby alikuwa na miaka 28. Khiva bado, puto bado, kisima bado. Ramani ipo nyuma yake tayari, lakini angalieni alivyokaa: kaipa kisogo. Sigara bado inawaka.

Kijana wa dirishani, naona mkono wako uko juu tena. Uliza, kabla umeme haujakatika.